Mlango wa Mtakatifu Odulfus

Kwa miaka ishirini na minane Bi Geesje Slotboom aliwatembeza wageni katika mji wa Oldenwaard, na katika miaka yote hiyo kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuupita. Ulikuwa mlango wa kanisa la Mtakatifu Odulfus, kanisa la Wakatoliki, lile la matofali mekundu nyuma ya uwanja wa soko. Akifika hapo alisimama chini ya ngazi, akaeleza lilijengwa mwaka gani na nani, kisha akasema, "Ingieni mtazame, dakika kumi na tano zinatosha. Mimi nawasubiri hapa." Wageni walidhani ni magoti.

Hayakuwa magoti. Ana miaka themanini na bado anaendesha baiskeli kwenda kununua jibini, na upepo wa mtoni ukimjia usoni anautukana waziwazi. Habari za ndani ya kanisa lile alizitoa kwenye kijitabu. Alikuwa akiwaambia watu kwamba dirisha la rangi lenye jahazi la mtakatifu liko kushoto, na kila mwaka alitokea mtu wa kutoka ndani na kumsahihisha kwamba liko kulia. "Inategemea umesimamaje," alijibu, na kuanza safari ya kwenda lango la mji kabla hajaulizwa lingine.

Sisi wa Oldenwaard tulijua sababu, ila hatukuisema. Mji huu zamani ulikuwa mmoja kwa macho na miwili kwa maisha. Waprotestanti walikuwa na mwokaji wao wa mikate, Wakatoliki wao. Shule mbili, maduka mawili ya viatu, hata vyama vya wafuga mbuzi vilikuwa viwili, na mbuzi wenyewe sidhani kama waliulizwa. Theluji ikianguka, watoto wa huku na wa kule walikutana darajani wakapigana kwa mabonge yake, huku wakiitana majina ambayo leo wajukuu wao hawayajui. Nayakumbuka yote. Sitaki yarudi, lakini siwezi kusema siukumbuki mji ule kwa mapenzi, maana ndio uliotulea.

Baba yake Geesje, Harmen Wolterink, alikuwa fundi seremala na mzee wa kanisa katika Kanisa Kuu, lile lenye mnara na kengele zinazopiga nyimbo. Kila Jumapili alitangulia mbele na suti yake nyeusi, mkewe nyuma, halafu mabinti wawili, Geesje na Aleida, soksi zimevutwa mpaka magotini. Walikaa benchi lao lile lile, juu ya sakafu ya mawe ya makaburi, kati ya kuta nyeupe zisizo na picha hata moja. Mchungaji akianza hoja ya kwanza, mama alifungua mkoba na kugawa peremende za mnanaa, moja moja. Hoja ya pili, peremende ya pili. Mahubiri yalikuwa na hoja tatu siku zote, na mashindano ya mabinti yalikuwa kuifanya peremende idumu mpaka hoja nyingine. Geesje alishinda kila mara. Aleida hakuwa na subira. Alitafuna, na kishindo chake kilisikika mabenchi matatu mbele.

Na ni Aleida huyo huyo aliyempenda Theo Lansink, mtoto wa kinyozi wa Kikatoliki. Nyumba ya seremala iliwaka kwa hasira. Baba hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu lile neno la wazee wa hapa, kwamba imani mbili zikilala mto mmoja, shetani hulala katikati, kisha akaongeza lake: "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekanyaga mle ndani siku hiyo. Wala siku nyingine."

Usiku wa kuamkia harusi Aleida hakumwomba dada yake mambo mengi. Alimwomba asimame kando yake. Geesje aliahidi, ingawa kwa baba alikwisha kuahidi kinyume chake. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Mei, mwaka 1966, naye alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alivaa gauni la samawati, akabeba shada la maua meupe, akafika mpaka kwenye ngazi. Kinanda kilikuwa kimeshaanza. Alisimama pale, mguu mmoja chini na mmoja juu, mpaka kinanda kikanyamaza. Kisha akayalaza maua juu ya jiwe, akarudi nyumbani kumenya viazi.

Baada ya hapo maisha yaliendelea, kama yanavyopenda kuendelea. Geesje aliolewa na Berend Slotboom wa posta, akauza vifungo na uzi katika duka la kona kwa miaka mingi, akamzika Berend, akaanza kutembeza wageni ili nyumba isimwelemee. Aleida hakukosa siku ya kuzaliwa ya dada yake, wala dada hakukosa ya Aleida. Walikaa kwenye duara la viti pamoja na ndugu wote, kahawa mkononi na kipande cha keki magotini, wakazungumza juu ya mvua, watoto na bei ya siagi. Jumatano ile hawakuitaja. Unaweza kumpenda mtu miaka hamsini na saba na jiwe likiwa palepale katikati yenu, kila mmoja analizunguka kwa adabu.

Sasa basi, mwaka huu kanisa la Odulfus limeuzwa. Waumini wamebaki kumi na wawili na kikohozi. Zitajengwa humo fleti kumi na nne, na lifti itapita pale palipokuwa na madhabahu. Jumamosi ya pili ya Septemba, siku ambayo majengo yote ya kale nchini hufunguliwa kwa watu, ilikuwa siku ya mwisho ya mlango ule kuwa wazi. Jumatatu mafundi wanaingia.

Asubuhi hiyo Bi Geesje alikuta watu tisa wanamsubiri mbele ya nyumba ya mizani, na wa mwisho kwenye mstari alikuwa mdogo wake, ameshika kigari chake cha kutembelea, Theo pembeni amebeba koti lake.

"Wewe unafanya nini hapa?" Bi Geesje akauliza.

"Nimejiandikisha. Mtalii kama wengine."

"Aleida, umezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa."

"Ndiyo maana nataka kusikia kama unadanganya, dada."

Watalii wakacheka. Bwana mmoja mrefu wa Rotterdam, mwenye kaptula na kamera, akauliza kama hao ni ndugu. "Kwa bahati mbaya," alijibu Theo, na akapigwa kiwiko na mkewe.

Wakazunguka. Nyumba ya mizani, ambako zamani jibini na sufu zilipimwa. Lango la mji, na alama za maji ya mafuriko ukutani. Kanisa Kuu, ambako Bi Geesje aliwaonyesha benchi la Wolterink na mahali rangi nyeupe ilipobanduka, ukaonekana uso wa Bikira Maria uliofunikwa miaka mia nne. "Kwa hiyo hata kanisa lenu lilikuwa la kwetu," Aleida alisema, kwa sauti ya kutosha. "Tulilisafisha tu," alijibu dada yake. Siku hiyo alikuwa hodari kuliko kawaida, na alizungumza haraka, kama mtu anayeogopa kufika.

Wakafika. Alisimama chini ya ngazi.

"Odulfus, mwaka 1874," alisema. "Ingieni mtazame. Dakika kumi na tano zinatosha."

Watalii wakapanda. Aleida hakupanda. Alifunga breki za kigari chake.

"Na mimi nasubiri hapa, basi."

"Usinifanyie hivyo. Ingia, ni kanisa lako."

"Jumatatu halitakuwa la mtu."

"Nilimwahidi baba, Aleida."

"Na mimi je, hukuniahidi?" Aleida alisema polepole, bila ukali. "Baba amekufa tangu mwaka themanini na moja."

"Ndiyo hivyo. Nitamwomba nani ruhusa?"

Theo alikohoa, akatazama viatu vyake. Aleida akanyoosha mkono na kuushika mkono wa dada yake, jambo ambalo katika familia ile halikuwa la kila siku.

"Sikiliza. Ngazi hizi nilizipanda peke yangu siku ya harusi yangu, na kila hatua nilikuwa nageuka nyuma. Leo ni mara ya mwisho. Usiniache nizipande peke yangu tena."

Bi Geesje alimtazama mdogo wake, na moyo ukamuuma waziwazi, pasipo kujificha nyuma ya miaka na vijitabu. Alimshika kiwiko, Theo akabeba kigari, na wakapanda ngazi zile saba, wazee watatu wakihema.

Ndani kulinukia nta na vumbi. Mabenchi yalikuwa yameshaondolewa, na bila mabenchi kanisa lilionekana dogo. Alichokiogopa miaka yote kilikuwa ukumbi wa kawaida wenye ubaridi. Dirisha la jahazi lilikuwa kulia. Aleida alimwongoza mpaka mbele, karibu na mahali ambapo mafundi walikuwa wamechora mraba wa lifti kwa chaki.

"Hapa nilikuwa mimi. Theo pale. Na wewe ulikuwa usimame hapa."

Bi Geesje akasimama. Alisimama wima, mkoba ameushika kwa mikono miwili, na machozi yakamshuka, naye hakuyafuta. Aleida akasogea kando yake. Watalii wenyewe wakashusha sauti.

Ndipo Theo, ambaye hajawahi kuiweza siri yoyote isipokuwa moja, akashindwa na hiyo moja.

"Na mzee alikuwa pale," alisema. "Nyuma ya ile nguzo."

"Theo!"

"Nimefunga mdomo miaka hamsini na saba, mke wangu. Jumatatu nguzo yenyewe inafungiwa ndani ya ukuta."

"Mzee gani?" aliuliza Bi Geesje, ingawa alikuwa ameshajua.

"Baba," alisema Aleida. "Aliingia kwa mlango wa pembeni, kofia mkononi. Nilimwona wakati wa kuvishana pete. Tulipogeuka, hayupo. Baadaye alimjia Theo kinyozini akamwomba asimwambie mtu, wala mama."

Bi Geesje aliitazama nguzo. Watoto tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye aliyesikia ndiye aliyevunjika, na mkuu mwenyewe alikuwa amepita mlango wa pembeni.

"Aliporudi nyumbani nilikuwa namenya viazi," alisema. "Aliniwekea mkono begani. Akaniambia, umefanya vema, binti yangu. Umefanya vema! Na ametoka hapa!"

"Najua ana hatia," alisema Aleida. "Lakini alikuja."

"Na wewe ulijua. Kila siku ya kuzaliwa, kila kikombe cha kahawa, ulijua. Neno moja tu, Aleida, ningeingia miaka mingi iliyopita!"

"Ungeingia, ndiyo," Aleida alisema. "Kwa sababu baba aliingia. Mimi nilitaka uingie kwa sababu yangu."

Hasira ilikuwepo, na ilikuwa ya haki, lakini haikupata pa kusimama. Alitazama mkono wa mdogo wake juu ya mkono wake, mikono miwili yenye madoa ya uzee, na hakuna aliyeweza kusema upi ni wa nani. "Nimechelewa," alisema mwishowe.

"Sana," alisema Aleida. "Lakini nilikuwa sijaondoka."

Bwana wa Rotterdam akasogea kwa adabu, kamera kifuani, akaomba radhi. Alitaka kujua ile nguzo ya pembeni ni ya mwaka ule ule wa 1874, au ilitoka katika kanisa la zamani zaidi?

Miaka ishirini na minane Bi Geesje hakuwahi kukosa jibu, la kweli au la kubuni.

"Sijui, bwana," alisema. "Mimi ni mgeni hapa. Muulizeni mdogo wangu, huyu ndiye mwenyeji."