Trekta Lisilotoa Moshi

Baba alikuwa na kifua kibovu na hamu ya trekta, na vitu hivyo viwili havikuelewana. Alistaafu ualimu Rongo, na kila msimu alikodi trekta kuukuu la jirani kulima shamba letu la mahindi. Alipenda kutembea nyuma ya plau akikagua kazi kama anayesahihisha daftari. Alimeza moshi, kisha akakohoa wiki mbili. Daktari wa Homa Bay alimwambia asikaribie moshi tena. Baba alielewa kwamba ameandikiwa trekta jipya.

Hiyo ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa na shahada ya kemia na sina kazi, kwa hiyo nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Baba akanichukua hadi kwa muuzaji Kisumu ili niulize maswali. Hakujua yangechukua saa nne.

Uwanjani kulikuwa na matrekta mawili. La kwanza, la muundo wa zamani, liliwaka kwa wingu jeusi. La pili lilitengenezwa kufuata sheria mpya za moshi za Ulaya. Lilikuwa na turbo, na pampu yake ya dizeli ilikuwa imepimwa kiwandani, skrubu yake ikafungwa kwa waya wenye lakiri ili mtu asiiguse. Niliishika leso nyeupe ya baba mbele ya bomba la moshi. Ilibaki nyeupe.

"Na dizeli ya Ulaya ni sawa na yetu?" nikauliza.

"Dizeli ni dizeli, madam."

"Tunayonunua Karungu inakuja kwenye mitungi. Ina maji, na sijui nini kingine."

"Basi usinunue Karungu."

Hilo ndilo jibu pekee nililoliamini siku hiyo.

Niliandika sababu za kulikataa lile jipya: nozeli nyepesi kuharibika, filta za kuagiza mbali, fundi asiyelijua, na kadhalika. Baba alisoma ukurasa wote.

"Sababu saba za kukataa," alisema, "na moja ya kukubali."

"Ndiyo."

"Hiyo moja ni kifua changu, nyathina, mwanangu."

Tukalinunua.

Mpango ulikuwa tulime shamba letu, halafu tulimie watu Kosele, ili trekta lijilishe. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye shamba kubwa kando ya barabara. Alilizunguka mara mbili, akasimama akitazama bomba.

"Mwalimu, si uwashe basi."

"Imewaka, jaduong'."

"Moshi iko wapi?"

"Haina."

Mzee akanitazama mimi, kana kwamba nimeuficha. "Hii ni ya kubeba maharusi," alisema, akaenda kukodi lile kuukuu la jirani.

Sikuwa nimeliandika hilo kwenye ukurasa wangu. Kwetu trekta lilipimwa kwa moshi. Mwenye shamba alikaa nyumbani kwake, akaangalia ng'ambo. Akiona wingu jeusi, alijua kazi inaendelea. Nilieleza kwamba moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua, yaani mafuta yanayotupwa hewani. Walisikiliza kwa adabu. Wiki tatu zikapita, mawingu ya mvua yakakaribia, na hakuna aliyetuita.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kuchuja dizeli kwa kitambaa, nikakuta lakiri imekatwa. Fundi wa kijijini alikuwa kando ya pampu akifuta mikono. Baba alikuwa akitazama miti.

"Nimeifungulia kidogo tu, dada," fundi alisema. "Sasa inapumua."

Ilipumua kweli, moshi mweusi. Kufikia adhuhuri tulikuwa na wateja wawili, na yule mzee akiwa wa kwanza, maana zamu yake kwa lile kuukuu ilikuwa haijafika. Shambani kwa mzee, baba akatembea nyuma ya plau kama kawaida. Saa tisa alikuwa ameketi juu ya tuta, mikono magotini, hawezi kumaliza sentensi. Alitaka kuniambia kwamba ni vumbi. Alifika "ni".

Nilizima injini. "Irudishe ilipokuwa," nikamwambia fundi.

"Niligeuza mara ngapi? Sikuhesabu."

Basi tulipima kwa leso. Aligeuza skrubu kidogo, dereva tuliyemwajiri akawasha na kukanyaga mafuta, nikashika leso mbele ya bomba. Nyeusi. Akageuza tena. Kijivu. Tulichafua leso ya baba, kitambaa changu cha kichwa na shati la fundi kabla ya kupata doa hafifu nililoweza kulikubali. Mzee alitazama yote.

"Mmeiua," alisema.

Baba hakuwa na pumzi ya kubishana. Alimwonyesha dereva shamba kwa kidole. Trekta likaenda na kurudi, bomba lake tupu, udongo ukigeuka nyuma yake. Mzee alichomeka fimbo yake kwenye mtaro. Ikazama hadi karibu na mkono wake.

"Imeingia," alisema, kama anayelalamika. "Lakini nikiwa kwangu, nitajuaje kama mnalima ama mmelala?"

Baba alivuta pumzi mara mbili. "Utakuja... kuangalia."

Kesho yake alikuja na kiti. Alikaa hapo hadi shamba likaisha, na msimu uliofuata akaja na kiti kilekile na majirani wawili.

Baba aliendelea kutembea nyuma ya plau. Nilimwambia hata vumbi linadhuru kifua. Akaniomba uthibitisho.