Faraj na Tumbo la Mvumo

Faraj alikuwa mkwezi wa minazi, na aliyemjua alijua pia kwamba mdomo wake hupanda juu kuliko miguu.

Mkewe, Mwanakuu, alipokuwa na mimba ya kwanza, alikataa wali, akakataa samaki, akataka kokwa za mavumo machanga, zile laini na baridi zinazoteleza kooni. Wakati huo, mwaka wa pili wa uhuru, mtaani Ganjoni, si mbali na kwao, palikuwa na mvumo mrefu, mti wa jamii ya mnazi, uliojiotea wenyewe kando ya ukuta. Kaingu, Mgiriama aliyewauzia mboga, alimwonya Faraj kwamba mvumo hukwewa kwa vigingi vilivyopigiliwa shinani, kwa kuwa shina lake lina tumbo, limevimba kule juu. Faraj alicheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa mno. Akatia kitanzi miguuni kama apandaye mnazi.

Kupanda, alipanda. Alilikumbatia lile tumbo, akalipita. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Mguu ulitafuta shina ukakuta hewa, na kitanzi kikachomoka, kikaanguka mbele ya Mwanakuu aliyesimama chini.

Faraj akakwama juu, amekumbatia shina. Kamba yake ya kushushia matunda ilikuwa nyembamba, haimbebi mtu. Wanaume waliokusanyika wakabishana nani akatafute ngazi. Mwanakuu hakungoja ngazi, maana kokwa alizitaka yeye.

"Faraj, teremsha kamba," akasema.

Akavua buibui mbele za wanaume wote wale, akalifundika pamoja na leso zake, akazifunga kwenye ile kamba Faraj azivute juu, akabaki na gauni.

Kaingu ndiye aliyegeuka kwanza, akaelekea ukutani. Wengine wakamfuata, wasimtazame mke wa mtu. Basi aliyemwona Faraj akizungusha nguo zile shinani ziwe kitanzi, akining'inia, akimlilia mamake, alikuwa Mwanakuu peke yake. Faraj alipogusa ardhi, Kaingu alivua shuka lake la begani, akalipitisha nyuma bila kugeuka, Mwanakuu akajifunika.

Kesho yake alasiri Faraj alikuwa barazani, nje ya nyumba yao Mji wa Kale, akisimulia alivyoshuka kwa raha zake. Wenzake walicheka. Bi Mejumaa, jirani yao, akaingia ndani kumuuliza Mwanakuu ilivyokuwa. Dirisha lilikuwa wazi, na Faraj akaikatiza hadithi, akatega sikio.

"Sikuona, mama," Mwanakuu akajibu. "Wanaume waligeukia ukutani, nami nilifumba mato."

Barazani wakamngoja Faraj amalizie hadithi. Hakuimalizia.