Waya Uliouma Bila Wingu

Harufu ya majani yaliyochomwa ikishuka hapa Gongoni, mtaa wa Tabora mjini, mwezi wa Agosti, na vumbi likikauka puani, mimi hukasirika kabla sijajua nakasirikia nini. Wateja wangu wamezoea. Husema, "Leo fundi kaamka na moshi," wakaacha redio zao mezani na kwenda zao. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa msichana wa darasa la sita, Tura, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mtu wa gengi la njia, wale wanaotengeneza reli. Alitundika waya mrefu wa redio kutoka paani hadi kwenye mlingoti uani, akaufunga ncha zote kwa shingo za chupa za soda ili usiguse kitu. Ncha iliyoingia dirishani, ukiichomoa kwenye redio siku ya kiangazi, ilikuwa inauma. Mbingu nyeupe, hakuna wingu, nawe ukisogeza kidole: ta! Cheche ya bluu, na mkono wote unashtuka hadi kiwikoni.

Nikaanza kuandika daftarini: tarehe, upepo, moshi, umande, na idadi ya milio kwa muda wa kuimba wimbo mmoja wa shule. Siku za vumbi, milio mingi. Siku za moshi wa mashamba, mingi pia. Asubuhi yenye umande, kimya. Mwalimu wetu wa sayansi alilichukua daftari, akakaa nalo siku mbili, akalirudisha na alama ya vema kwa wino mwekundu. Akasema angelipeleka kwenye maonyesho ya shule, Tabora mjini, pamoja na mimi. Nililala nimelikumbatia.

Kisha akaja jirani yetu, Mzee Maganga, kusikiliza taarifa ya habari. Masika yaliyopita radi ilikuwa imemuulia maksai wawili, na kwetu wengi waliamini radi haipigi hivi hivi, ina mwenyewe. Redio ilikuwa imezimwa na waya unaning'inia. Akaushika ausogeze.

"Mnafuga radi humu!" alipiga kelele, akiushika mkono wake kama umevunjika. "Maksai wangu! Kumbe ni ninyi!"

Uani pakajaa watu. Mjumbe wa nyumba kumi akakata shauri: kesho mchana waya utaguswa mbele ya wote. Ukiuma, tutahama. Hata mimi nilijua maana ya kuhama kwa namna ile. Unaondoka na ulichobeba kichwani, na nyumba inawaka nyuma yako.

Lakini mimi nilifurahi. Niliona kwamba waya ukiuma, nitafungua daftari na kueleza, na mwalimu atasimama kando yangu. Jioni nzima nilimweleza Baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, kalale."

Siku ya pili upepo ulivuma kutoka mashariki na moshi ulitutoa machozi. Katika daftari lote hapakuwa na siku nzuri kuliko ile. Mjumbe akagusa. Kimya. Mzee Maganga akagusa kwa kidole, kisha akaukamata kwa ngumi. Kimya.

"Jana uliuma!" akasema.

"Jana ulikuwa umekunywa, mzee," mtu akamjibu, na ua mzima ukacheka.

Nikasukuma watu, nikagusa mwenyewe. Kimya. "Lazima uume!" nililia. "Mwalimu, waambie! Wewe umesoma!"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Andika ulichoona. Andika: hakuna."

Nikaandika. Habari ya maonyesho haikutajwa tena.

Jioni ile, nyuma ya bafu, niliona spoku ya baiskeli imechomekwa kwenye tope la maji ya kuogea. Waya mwembamba ulitoka hapo, ukapanda ukutani chini ya nyasi za paa, ukaungana na waya wa redio. Nilijua kazi ya mikono ya nani.

"Umenifanya mwongo," nilimwambia Baba.

"Ndiyo," akasema. "Na una pa kulala."

Sikumsemesha mwezi mzima.

Mengine nimeyasoma mwenyewe, katika vitabu chakavu vya sokoni. Umeme wa siku tulivu upo kila mahali, ukishuka kidogo kidogo kutoka juu. Moshi na vumbi huuzuia kupita, na shinikizo lake karibu na ardhi hupanda. Na chembe za vumbi zikigonga waya huuchaji pia. Mimi nilidhani ni joto la jua. Jua lina mchango wake, kwa kuwa likichafuka kwa milipuko yake hubadilisha miale inayotufikia kutoka mbali angani, ile inayoufungulia umeme njia hewani, lakini Tura vumbi lilikuwa na nguvu zaidi.

Baba aliishia darasa la nne. Alijifunza kwenye nyaya za simu za reli kwamba umeme ukipewa ardhi yenye maji huenda zake, na kwa elimu hiyo moja aliokoa nyumba. Nilichelewa mno kumshukuru. Mwalimu alijua zaidi yake. Alijua kwamba watu wangeweza kuchomewa nyumba kwa jambo alilolitia vema kwa wino mwekundu, na hakutoa hata sentensi moja ya kututetea. Huyo sijamsamehe, na sina mpango.

Daftari ninalo dukani. Ile "hakuna" haijafutwa, maana sifuti nilichoandika. Mbele yake, kwa kalamu nyingine, nimeongeza: "Upepo wa mashariki. Moshi mzito. Umeme ulikuwepo. Mwalimu alikuwepo."