Kitufe Chekundu

Fundi wa kibodi kuukuu hasalimii mteja kabla ya kusalimia vitufe. Hubonyeza kimoja kimoja akitega sikio, kama mtu anayegonga chungu dukani asikie kama kina ufa, kisha huving'oa vyote na kuvisugua kwa mswaki ambao mumewe bado anautafuta. Vidole vyake vina makovu ya kulehemu nyaya, na sauti yake haijawahi kuishinda ya feni. Leo meneja wa kiwanda cha mitungi ya gesi amefuata kibodi ya meza ya ukaguzi, yenye umri wa miaka arobaini, tarakimu kumi na vitufe viwili vikubwa: cha kijani KUBALI, chekundu KATAA. Imeshaunganishwa na kompyuta mpya. Mkaguzi wake amesimama nyuma, mikono mfukoni, macho kwenye kile chekundu.

"Mama, hicho nilisema ukizibe," meneja akasema. "Kinatuchelewesha."

"Na mtungi unaovuja?"

"Wewe fundi wa vitufe, mama, si wa gesi."

"Ndiyo, mwanangu. Nami nikifufua, nafufua mwili mzima. Halafu hiyo gesi napikia mimi."

Mkaguzi akacheka, akakisingizia kikohozi.

"Nauliza mara ya mwisho: unakiziba, hukizibi?"

Fundi akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta likajitokeza jibu, kwa herufi kubwa: KATAA.

Mkaguzi akatoa mikono mfukoni.