Mwanangu amemchukua Bosco

Kuna jambo nimewaficha tangu mvua zilizopita, na sitaki kufa nalo.

Lakini kwanza hasira.

Leo mwanangu Mutuku amekuja kutoka Syokimau na mnyororo mkononi. Amemkuta mbwa wangu, Bosco, bado anadondoka maji. Kila asubuhi mimi na Bosco tunapanda vilima vya Iveti, tunaoga kwenye kidimbwi chini ya mwamba, tunarudi.

"Mzee, mbwa ni ya kulinda boma. Watu wanacheka, ati Mwalimu anaogelea na mbwa kama mzungu!"

Wacheke! Na moyo wangu huu mbovu, nimebakiwa na raha gani nyingine?

Amemtia Bosco kwenye pikapu, akalinde machimbo ya mawe Lukenya. Bila hata kuniuliza, kana kwamba nimeshazikwa!

Nikamwuliza, kidimbwini nitaendaje?

"Si uende tu peke yako? Umefundisha watu ramani miaka hiyo yote, njia ya nyumbani itakushinda?"

Pikapu ikaondoka, nami nikakaa kuwaandikia haya.

Mutuku, soma hapa mbele ya watu. Njia ya kurudi siikumbuki tena. Nikishaoga, namshika Bosco shingoni, naye ananileta nyumbani.