Pikipiki Iliyouzwa kwa Jina la Machimboni

Jumanne tulimzika yule bodaboda wa Nyarugusu mwenye pikipiki nyekundu ya tangi lililobonyea, ambaye baadhi yenu aliwabeba. Gazeti halikumwandika, basi nawapa taarifa mimi. Alitumbukia kwenye duara la zamani, shimo la dhahabu lililoachwa wazi mpaka majani yakalifunika. Ilikuwa mchana kweupe, na barabara nzuri ilikuwa hatua chache tu pembeni. Msibani watu waliulizana alifuata nini kule porini. Mimi nilijua. Alikuwa anawakwepa trafiki, kwa sababu pikipiki haikuwa na kadi yenye jina lake. Na haikuwa nayo kwa sababu yangu, ingawa kwenye lawama hii siko peke yangu.

Wasomaji mnajua niliishia darasa la saba. Enzi zile nachimba, hilo darasa la saba lilinifanya karani wa kambi nzima. Machimboni hakuna anayekuuliza jina la kwenu; unafika, unapewa jina, unaishi nalo. Mchimbaji mwenzangu mmoja tulimwita Winchi, kwa nguvu za mikono yake. Alipotaka kumuuzia yule bodaboda pikipiki yake nikaitwa na kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba mimi Winchi nimemuuzia huyu pikipiki namba hii. Mwanangwa wetu, yaani mwenyekiti wa kitongoji, akagonga muhuri bila kusoma. Winchi akaweka dole gumba, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, akasema kadi iko nyumbani kwao, ataileta akienda. Hakwenda. Wiki ya pili duara letu liliporomoka. Mimi nilitolewa hai, mguu umevunjika. Yeye alitolewa maiti. Tukamzika pale pale, na msalabani tukaandika Winchi kwa rangi ya mafuta.

Nilipoweza kutembea, mimi na mnunuzi tulipanda basi kwenda ofisi ya mapato mjini kubadilisha kadi. Mama wa dirishani aliangalia kompyuta yake, akakuta ile namba ni ya mtu wa majina matatu.

"Sasa huyu Winchi ndiye nani?"

"Ndiye huyo huyo wa kwenye kompyuta, mama."

"Kasema nani?"

"Sisi."

"Basi aje mwenyewe."

Tukamwambia amefariki. Akataka cheti cha kifo na karatasi ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Tukaomba atuambie kwao marehemu ni wapi, akasema hizo ni habari za mtu, hatoi. Tukarudi kwa mtendaji wa kijiji, naye akasema yuko tayari kuandika kwamba Winchi kafa. "Lakini huyo wa majina matatu, ndugu zangu, mimi sijamzika." Mwisho akajitokeza kishoka mmoja, dalali wa vichochoroni, aliyejidai ana watu wake ndani ya ofisi ile. Akala mbuzi wawili wa mke wa rafiki yangu bodaboda, akabadilisha namba ya simu.

Tangu hapo pikipiki ile ilijua njia za ng'ombe tu. Kuiuza hakuweza, maana mwenye akili anadai kadi kwanza. Kuiacha hakuweza, watoto walikula kwayo. Hata Masumbwe alikozaliwa hakuwahi kufika nayo, kwa kuwa njiani kuna lami, na kwenye lami kuna trafiki. "Nimefungwa kamba ndefu kama mbuzi," aliniambia siku moja. "Majani nakula, lakini ni ya hapa hapa." Kila tukikutana alinisalimia, "Shikamoo, karani wa Winchi," na tulikuwa rika moja. Nilikuwa naitikia marahaba na kucheka. Sasa sicheki.

Wanakijiji wanasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuchimba lile shimo. Alilichimba tajiri anayejulikana, akamaliza dhahabu, akahama bila kurudishia hata koleo moja la udongo. Muhuri uligongwa na mwanangwa. Mbuzi walikwenda kwa kishoka. Mama wa dirishani alifuata sheria yake vizuri, na vizuri hivyo hivyo akatufungia mlango. Jina niliandika mimi, na nilikuwa naona fahari kwa mwandiko wangu.

Baada ya matanga alikuja mtu anayetaka injini aifunge kwenye karasha lake la kusagia mawe. Mjane naye alitaka auze. Ndani hakuna unga. Nikaletewa karatasi ya daftari. Nikaomba vitambulisho vya wote wawili. Mnunuzi akanuna. "Mzee, andika tu Mama Boda. Hapa nani asiyemjua? Injini tu hii."

Nikamwambia na ile ilikuwa pikipiki tu. Mjane akaenda ndani akaleta chake, na yule bwana ikabidi apande baiskeli afuate cha kwake. Nikakaa na kalamu mkononi nikimsubiri. Mwenzangu unayechimba, siku ukiweka dole gumba, liweke chini ya jina ambalo hata ukifa watakubali kwamba umekufa.