Kamba Iliyotazamwa Kwanza

Mzee mwenye dume hakumtazama mbwa wangu kwanza. Aliitazama kamba. Aliishika karibu na shingo ya mnyama, akapitisha kidole chini yake, akayafunua manyoya taratibu kama mtu anayetafuta kupe. Hakuwa akitafuta kupe. Mbwa anayefungwa mchana kutwa huota kipara mahali pa kamba, na mzee yule hakuwa tayari kutoa dume wake kwa jike wa mtu wa namna hiyo.

Nilikuwa nimetoka upande wa Kasongo hadi Wamaza kwa pikipiki, jike wangu akiwa ndani ya kikapu juu ya mapaja yangu. Dereva alizoea kuwapeleka wachimbaji wa dhahabu Salamabila. Njia nzima alisema amekwisha kubeba mbuzi, sementi na hata maiti, lakini bibi-arusi wa imbwa ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nikisali kimya ili mvua isinyeshe na jike asiruke.

Mimi ni katekista. Nimefundisha watu habari za ubatizo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kwa hiyo kila mtu huniita mwalimu. Lakini tunakula kutoka shambani, na shamba letu lina adui. Simbiliki, wale panya wakubwa wa kwenye majani marefu, huukata mpunga chini kabisa na kuuacha umelala kama mkeka. Fimbo haiwawezi na mtego huwapata wajinga tu. Anayewaweza ni mbwa mwenye pua.

Jike wangu alikuwa na pua hiyo. Mke wangu alizaliwa katika nyumba ya wawindaji, na siku tulipooana alikuja na mbwa aliyekuwa bibi ya jike wangu huyu. Ukoo ule ulitulindia mpunga miaka yote tuliyolea watoto. Sasa alikuwa amebaki yeye peke yake. Mara mbili alizaa na madume wa kijijini, na watoto wake wakajua kazi mbili tu, kulala jikoni na kufunua sufuria. Mbwa hawa wa kwetu, wasiobweka, jike wao hutaka dume mara moja tu kwa mwaka. Wangu alikuwa na miaka saba. Asipopata dume mzuri upesi, ukoo ungeishia kwake, na mpunga wetu pia.

Dume wa Wamaza alisifiwa hadi Nyangwe. Mwenye dume ni Mwislamu wa sala tano, mwindaji tangu utoto, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Mbwa wake wana kibanda chao nje na sahani zao wenyewe. Nilipofika nilimpa jogoo niliyemleta, nikamwambia ni kwa ajili ya kazi ya dume. Alimrudisha mikononi mwangu kwa upole. Dini yake, alisema, haimruhusu kupokea malipo kwa dume kupanda jike. Nilizoea watu wanaotaja bei kabla ya kukupa kiti. Nilibaki nimemkumbatia jogoo, sijui nimweke wapi.

Mke wake alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, karibu nasi. Alimtazama jike wangu aliyejaa vumbi akasema, "Harusi gani hii, mwalimu? Bibi-arusi hajaoga, na mahari munayarudisha nyumbani."

Baada ya kamba, mzee alitazama miguu, nyayo na kucha. Alifungua mdomo wa jike, akahesabu meno, akanusa pumzi yake. Alipapasa tumbo na masikio akitafuta ukurutu. Aliuliza alizaa watoto wangapi, wangapi walikufa, na kama aliwahi kumlalia mmoja. Aliuliza juu ya mama yake na bibi yake, ili asije akaunganisha damu moja. Kisha akaenda kuswali adhuhuri, akamwacha jike katikati ya kuku na vifaranga, bila kamba. Aliporudi alivihesabu vifaranga kwa macho. Vyote vilikuwapo. Nilimshukuru Mungu moyoni, kwa maana miaka miwili nyuma hesabu isingetimia.

"Sasa twende tuone kazi," alisema.

Tulikwenda kwenye majani nyuma ya mashamba ya muhogo. Alimvisha jike kengele ya mti iliyozibwa kwa majani makavu, na tulipofika akayatoa ili tumsikie. Alitaja jina la Mungu, akamwachia. Kengele iligonga huku na huku, ikaenda mbali, ikarudi kwa kasi, kisha ikanyamaza. Nilijivuna. Nilijua amekamata.

Tulimkuta amelala juu ya simbiliki mnene, na kichwa cha simbiliki hakikuwapo tena. Alikuwa akitafuna sikio la mwisho, akanitazama na kutikisa mkia.

Mzee alichuchumaa kando yake. Halafu akaniuliza kama hufanya hivyo kila mara.

Nilianza kusema kwamba ni njaa ya safari. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika mdomoni, na mengine yalikwisha kutoka. Yeye hakunikatiza. Alingoja tu, mikono juu ya magoti, kama mimi ninavyomngoja mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye dari. Nikaona haya, nikaanza upya.

Nilimwambia kweli. Katika nyumba yetu, mbwa akikamata, kichwa ni chake, na anapewa palepale shambani. Ndivyo nilivyomkuta baba mkwe akifanya, nami niliona ni haki ya mfanyakazi. Miaka ilivyopita jike alichoka kungoja nimkatie. Alijikatia mwenyewe, nami nilicheka.

"Anakamata vizuri," mzee alisema. "Lakini anajikamatia yeye mwenyewe. Kwangu mimi nyama hiyo haiingii chungu. Na watoto watajifunza kwa mama mbele ya kujifunza kwangu."

"Haiwezi kutolewa, tabia hiyo?"

"Ni nani alimufundisha?"

"Ni mimi."

"Basi mwenye kurudi masomoni ni wewe, mwalimu. Imbwa hana kosa."

Nilimwomba. Nilimweleza umri wa jike, nikamwambia siku zake za kukubali dume zimebaki mbili au tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nirudi mwaka ujao, kama Mungu atatuacha hai sote wanne, yaani mimi, yeye na mbwa wetu. Alitupa chakula na mahali pa kulala. Jike wangu alimlilia dume usiku kucha. Asubuhi nilirudi kwetu na jike wangu, na jogoo wangu.

Nyumbani nilimfungia jikoni mpaka siku zake zikaisha, madume wa kijiji wakichimba chini ya mlango. Mke wangu hakuniuliza mengi. Alisema tu kwamba baba yake alikuwa mwindaji mzuri, lakini hakuna aliyesema hakuwahi kukosea.

Tukaanza. Nilizoea kuwafundisha watu wazima sala, na nilijua kwamba jambo lililoingia mapema halitoki kwa kelele. Nilimpeleka shambani na panya mmoja mdogo aliyekufa, nimemfunga kwenye uzi. Akimkamata, nilimwendea polepole, nikashika taya lake, nikangoja aachie. Hakupata kitu pale. Kichwa kilipelekwa nyumbani, mke wangu akakichemsha bila chumvi, akampa kwa mkono. Mwanzoni jike alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Wakati wa kupalilia alikula simbiliki wawili mfululizo, akaficha mabaki yao. Wakati wa kuvuna karanga alimkamata mmoja, akamwacha chini, kisha akabadili mawazo. Nilikaa majanini karibu naye, nikakumbuka Mungu amenivumilia mangapi, nikainuka.

Siku moja, kabla ya mpunga kukomaa, kengele ilinyamaza nami nikafika. Simbiliki alikuwa mzima kabisa kati ya miguu yake ya mbele. Alikuwa akitetemeka kwa hamu, mate yakidondoka, lakini alikuwa akinitazama mimi. Nilivua kofia yangu.

Tulirudi Wamaza jike akiwa na miaka minane na mvi puani. Mzee aliitazama kamba tena, kana kwamba hatujawahi kuonana. Meno, nyayo, tumbo, vyote upya. Kisha tukaenda majanini, na jike wangu akafanya alivyofunzwa. Mzee alimwinua simbiliki, akamgeuza huku na huku akitafuta mahali palipotafunwa, akamweka begani.

"Mumesoma, nyinyi wawili," alisema.

Aliwaweka dume na jike katika uzio wa mianzi, akawafukuza waliokuja kuchungulia, akageuka na kuwapa mgongo. Mimi pia niligeuka. Mke wake akatuambia kutoka jikoni kwamba wazee wawili waliosimama kama walinzi wa bwana mkubwa wangeweza basi kumsaidia kuvunja kuni. Tukavunja kuni.

Jike wangu alizaa watoto watatu, na wawili wakapona. Walipofikisha miezi miwili mzee alikuja kwetu mwenyewe, kwa velo, baiskeli yake. Desturi ni kwamba mwenye dume huwa wa kwanza kuchagua mtoto mmoja, na si malipo, ni zawadi ya hiari. Mke wangu alikuwa amewaogesha wote wawili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mzee aliwatazama wakicheza, akala, akashukuru, akakataa kuchukua. Alisema atampokea yule mwekundu siku mbwa huyo atakapoweza kumwachia mtu mnyama aliyemkamata bila kumtafuna. Nilielewa kwamba yule aliyekuwa akipimwa bado alikuwa mimi.

Ilichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama yao alitusaidia sana. Aliwatangulia, akakamata, akangoja, na wao wakamwiga. Alikufa wakati wa mvua za kwanza, akiwa amelala kwenye majivu ya jikoni, mahali ambapo maisha yake yote alikatazwa kulala. Mke wangu hakutaka aondolewe mpaka asubuhi.

Kisha nikampeleka yule mwekundu Wamaza. Dereva alikuwa yuleyule wa kikapu. Alituacha mwanzo wa kijiji kwa sababu ya matope, na tukaingia kwa miguu katikati ya mbuzi na kuku wa watu. Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba akichonga kengele. Aliinuka, akanyoosha mkono wake kwenye shingo ya mbwa kama alivyozoea.

Mkono ulipapasa pale shingoni, ukatafuta, ukakosa cha kushika. Nilikuwa nimemleta bila kamba.

Mke wake aliyaona hayo akiwa mlangoni. "Karibu, mwalimu," alisema. "Leo ni nani amemuleta mwenzake?"